UZI: Michezo ya nje ya kujumlisha, darasa la I hadi la III. Vipimo, namba za kutumia, na mahali inapoharibika

#1 ChakiVumbi (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Kila shule zikikaribia kufunguliwa watu wanaulizia michezo ya hisabati humu, na wanachopewa ni orodha ya majina ya michezo kumi na tano, basi. Hakuna anayesema mstari unachorwa urefu gani, kundi linakaa watoto wangapi, wala namba zipi ziitwe. Uzi huu uwe wa vipimo. Mwenye mchezo aulete na vifaa vyake na pale unapokwama.

Naanza na msimamo, mnibishie baadaye. Mchezo wa kujumlisha una maana pale unapomfanya mtoto aache kuhesabu moja moja. Mtoto akikimbia mita ishirini, akaikuta kadi ya 8 + 5, akainama kuhesabu vidole mpaka kumi na tatu kisha akarudi mbio, amefanya mazoezi ya viungo. Hesabu amerudi nayo ile ile aliyokwenda nayo. Kwa hiyo kabla hujashika filimbi, amua leo mnafanyia kazi mbinu ipi: kuanza na namba kubwa na kuendelea mbele, jozi za kumi, kujaza kumi, maradufu na majirani zake (6 + 6, halafu 6 + 7), kuongeza 9 kwa kupitia 10. Ni hizo tano. Kujumlisha makumi na mamoja kunazaliwa humo humo.

VYUMBA KUMI (mbinu: kujaza kumi)

Chora safu mbili za vyumba vitano vitano. Kila chumba sentimita 40 kwa 40, kwa hiyo fremu nzima ni mita 2 kwa sentimita 80. Acha hatua mbili, chora fremu ya pili inayofanana nayo. Kwenye udongo mgumu chimba kimfereji kwa ncha ya jembe au msumari wa inchi sita, ndipo ujaze jivu. Jivu la kumwaga juu juu linaondoka na nyayo za kundi la kwanza. Chokaa achaneni nayo, watoto wanashika chini halafu wanajifikicha macho.

Mwalimu anaita "nane jumlisha tano". Wanane wanaingia fremu ya kwanza: safu ya mbele inajaa kwanza kuanzia kushoto, kisha ya nyuma. Watano wanaingia fremu ya pili kwa utaratibu huo. Waliozunguka wanaulizwa, "Nane inadai ngapi?" Mbili. Wawili wa mwisho kulia kwenye fremu ya pili wanahamia kujaza pengo. "Tano imetoa mbili, imebaki?" Tatu. "Kumi na..." na hapo wote wanamalizia. Hakuna aliyehesabu kuanzia moja.

Unaharibika hivi. Kwanza, watoto wakiingia vyumba vyovyote wanavyopenda, pengo halionekani kwa jicho na wanarudi kuhesabu vichwa. Utaratibu wa safu ya mbele kwanza ndio mchezo wenyewe, usiulegeze. Pili, wakihama wawili wa mwanzo badala ya wa mwisho, wanaobaki wanaanzia katikati ya safu na tatu haisomeki. Tatu, vyumba vya sentimita 30 vinaleta kusukumana. Mwenye ndala anapoteza ndala, na kipindi kinaishia hapo.

Namba: siku za kwanza ziwe 9 + 2 hadi 9 + 6 tu, kwa sababu 9 siku zote inadai moja. Kisha familia ya 8, kisha 7. Msiite 6 + 5 hapa. Hiyo ni ya maradufu, ukiileta huku unawachanganya. Kundi liwe la watoto 16: jumla kubwa ya mwanzo ni 9 + 6, inachukua 15, na mmoja anabaki kuwa mtangazaji.

MSTARI WA KURUKA (mbinu: kuanza na namba kubwa)

Mstari wa 0 hadi 20, kila nafasi sentimita 40, jumla mita 8. Mtoto anaitiwa 3 + 9. Anatakiwa akasimame kwenye 9 kabla ya kuruka. Akienda kwenye 3, wenzake wanapiga makofi mara moja na yeye anachagua upya. Anaruka tatu, anafika 12.

Kosa lake ni moja na linajulikana kila shule: mtoto anasimama 9, anaikanyaga na kuihesabu kama mruko wa kwanza, anamaliza kwenye 11. Dawa yake ni kutenganisha kusimama na kuruka. Akifika 9 anaunganisha miguu, anasema "nipo tisa", anapiga kofi, halafu ndipo anahesabu miruko: moja, mbili, tatu. Tunahesabu miruko, hatuhesabu vituo. Mkigundua darasa zima linakosea kwa moja, msiongeze maswali, rudini kwenye kofi.

Wakishazoea, futa namba zote ubakize 0, 10 na 20. Sasa 8 + 6 inachezwa kwa miruko miwili mikubwa: wa 2 kufika 10, wa 4 kufika 14.

Wadau, tiririkeni.

---

#2 Bi_Kokoto

Uzi umetulia. Naleta RAFIKI WA KUMI, maana bila jozi za kumi hivyo vyumba vya mleta mada havitaenda. Mtoto asiyejua kuwa 7 inadai 3 atasimama tu pale fremuni.

Seti moja ya kadi ni 12: 0, 1, 2, 3, 4, 5, 5, 6, 7, 8, 9, 10. Angalia tano ziko mbili. Ukisahau hilo, kila raundi kuna mtoto mmoja anazunguka uwanja mzima akitafuta rafiki asiyekuwepo. Watoto 60 ni seti 5 kamili. Wakiwa 63, watatu wanaozidi wanakuwa waamuzi na wanabadilishana zamu kila raundi.

Kadi zikatwe kwenye maboksi, ukubwa wa nusu ya daftari, namba iandikwe kwa makapeni pande zote mbili. Kwenye 6 na 9 piga mstari chini ya namba, la sivyo utaona mtoto wa 4 kamshika mkono mwenye 9 aliyeigeuza. Kadi ishikwe mkononi. Kuining'iniza shingoni kwa kamba na huku watoto wanakimbizana ni hatari, kamba inanasa.

Eneo liwe mita 15 kwa 15, mipaka minne iwekwe matofali au mabegi. Filimbi ya kwanza wote wanatembea wakichanganyika, kadi imekumbatiwa kifuani isionekane. Filimbi ya pili wanaonyesha na kutafuta. Waliopatana wanashikana mikono na kuchuchumaa. Mwalimu anapita akiuliza jozi tatu au nne tu, "Ninyi ni nani?" Wanajibu, "Saba na tatu, kumi." Kisha kila mtu anabadilishana kadi na ambaye hakuwa rafiki yake, raundi inaanza upya. Raundi moja haizidi dakika mbili.

Panapoharibika: watoto wanakariri watu badala ya namba. Juma na Asha walishakutana, raundi ijayo wanafuatana tu. Ndiyo maana ya kubadilishana kadi. Kingine, anayebaki peke yake anachekwa. Waamuzi wapewe kazi ya kumsaidia aliyebaki, wamuulize "una ngapi, unadai ngapi?" halafu waende naye.

Darasa la II na la III badilisha kadi ziwe makumi: 10 na 90, 20 na 80, mpaka mia.

---

#3 Ngumbaru_Jr

Wakuu, haya yote mazuri kwenye karatasi. Darasa lina watoto 94, mwalimu mmoja, uwanja nusu yake ni njia ya bodaboda. Ukiwatoa nje kuwarudisha tu ni kipindi kizima. Na kipindi cha darasa la I na la II ni dakika 30.

---

#4 ChakiVumbi

Mkuu Ngumbaru, swali la maana hilo. Watoto 94 ni makundi sita: manne ya 16 na mawili ya 15. Usichezeshe sita kwa pamoja. Matatu yanacheza, matatu yako kivulini na kazi ya kukaa (kuna mchezo wa mdako, naamini kuna mtu ataueleza). Ikifika dakika ya kumi, wanabadilishana. Mwalimu anasimama kwenye kona inayoona pande zote mbili. Akisimama katikati ya wanaocheza juani, amewapa mgongo waliopo kivulini.

Dakika 30 zigawanywe hivi: 4 kutoka, 20 kucheza, 6 kurudi na kuandika. Hizo 4 za kutoka zinawezekana kama michoro imeshachorwa kabla ya kengele na kila kundi lina kiongozi anayejua liende wapi. Mwalimu anayeanza kuchora vyumba huku watoto 94 wanasubiri, hata uwanja ungekuwa wa mpira wa ligi, kipindi kimekwisha.

Njia ya bodaboda: weka upande wa kukimbia mbali na njia na upande wa kukaa ndio uelekee njiani. Mpira usitumike kabisa kwenye uwanja wa namna hiyo. Mpira ukitoka, mtoto haangalii kinachokuja.

---

#5 Jirani_wa_Namanga

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka, Kenya. Huku watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wanacheza kati na blada (kuruka kamba ya mpira) kila siku, na zote mbili zinaingia kwenye kujumlisha bila kubadilisha sana kanuni. Kati nadhani ndugu zetu wa Bongo mnaita rede au nage: warushaji wawili huku na huku, wenzao wako katikati wanakwepa mpira.

KATI YA NAMBA TATU. Warushaji wawili, umbali wa mita 8. Kati kuna watoto kumi, kila mmoja na kadi: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Mpira wa nailoni na matambara, laini, na unalenga chini ya kiuno tu. Aliyeguswa hatoki mchezoni, anaenda kusimama kwenye mstari wa pembeni. Wakifika watatu, mchezo unasimama. Wale watatu wanajipanga upya wenyewe kabla ya kutaja jumla. Tuseme wamesimama 7, 6, 3. Mwenye 3 anahama akashikane na 7, ndipo wanasema "kumi na sita". Wakishataja wanabadilishana kadi na wengine na wanarudi kati.

Kanuni ya kujipanga upya ndiyo somo. Ukiiacha, wanajumlisha kwa mpangilio walioguswa, 7 na 6 kwanza, na vidole vinatoka. Mara nyingine watatu hao hawana jozi ya kumi, mathalani 8, 4, 3. Hapo waanze na kubwa na wajaze: 8 na mbili za kwenye 4, kumi, zinabaki 2 na 3, jumla 15.

Blada ni ya maradufu. Wawili wanasimama wakiwa na blada miguuni, wawili wanaingia kuruka kwa pamoja wakitazamana kama kioo. Kila mmoja anaruka mara 6, wanasema "sita na sita kumi na mbili". Kisha mmoja anaongeza mruko mmoja peke yake: "sita na saba, kumi na tatu". Ule mruko wa ziada wa mtu mmoja wanauona kwa macho, ndio jirani wa maradufu. Kamba ya kuruka inafaa pia: mita 4 au 5, wawili wanaizungusha, wawili wanaingia.

---

#6 Mama_Jozi

Jirani karibu sana. Naongezea kwenye kamba: mdundo wa kamba unakaririsha, haufundishi. Mtoto anaweza kuimba "saba na saba kumi na nne" kwa mdundo mwezi mzima, ukimuuliza 7 + 8 anaanza vidole. Kamba ije baada ya mtoto kuwa ameona maradufu kwa vitu: vizibo 7 juu, 7 chini. Ikitangulia, unapata wimbo tu.

Na zile nguo. Sare za sketi na kuruka juu haviendani kwa wasichana wengi, wanashika sketi kwa mkono mmoja na wanaruka nusu. Blada iishie kwenye kifundo cha mguu, inatosha kabisa kwa kazi hii.

---

#7 Filimbi_Moja

Mbona hakuna aliyetaja kupokezana vijiti? Ndio mchezo unaopendwa kuliko yote.

---

#8 Bi_Kokoto

Unapendwa, na ndio unaoongoza kwa kupoteza muda, Filimbi. Foleni ya watoto 15, kila mmoja anafanya swali moja kwa raundi, anasubiri wenzake 14. Na wale wepesi wa miguu ndio wanaoshangiliwa, hesabu iwe sahihi isiwe sahihi.

Ila ukiutaka, unarekebishika. Timu ya watoto 5, isizidi. Umbali mita 10. Zaidi ya 15 inakuwa riadha. Kule mwisho kuwe na kopo la maswali na vizibo 20, na mtu asikokotoe akiwa anakimbia. Anachukua swali, anarudi nalo, timu nzima inalijibu, anayefuata anapeleka jibu na kuleta swali jipya. Alama: kufika wa kwanza 0, jibu sahihi 1, kueleza mmelipataje 2. Mkibandika alama hizo ubaoni kabla ya kutoka, mbio za fujo zinapungua zenyewe, kwa sababu mbio hazilipi.

Jibu lisilo sahihi timu isirudishwe nyuma wala mtoto asipige magoti. Wapewe vizibo 20 waonyeshe.

---

#9 Filimbi_Moja

Hapo kwenye kufika wa kwanza sifuri sikubali. Ukiondoa ushindani, darasa la III wanasusa.

---

#10 Bi_Kokoto

Ushindani upo, umehamia kwenye maelezo. Timu iliyosema "9 + 6, tumechukua moja kwenye 6 tukaipa 9, ikawa 10 na 5" inaishinda iliyowahi ikasema "15" tu. Jaribu na darasa lako wiki moja ndio uje tugombane.

---

#11 Kizibo_cha_Soda

Naleta wa kuongeza 9 maana naona umetajwa na hakuna aliyeuchezesha.

BAO LA MIA. Mraba wa mita 4 kwa 4, vyumba 10 kwa 10, kila kimoja sentimita 40. Ukiwa na sakafu ya saruji nje ya darasa, chora kwa rangi ya mafuta mara moja, unadumu muda mrefu. Kwenye udongo, nyoosha kamba ya katani iliyofungwa fundo kila sentimita 40 na ufuatishe kwa msumari. Andika 1 hadi 10 safu ya kwanza, 11 hadi 20 safu inayofuata, mpaka 100. Kazi ya kuandika wape darasa la V au la VI, saa moja wamemaliza.

Mtoto anasimama 34. Kuongeza 10 ni hatua moja kwenda safu inayofuata: 44. Kuongeza 9 ni hatua moja mbele na moja kurudi kushoto: 43. Kuongeza 11, moja mbele na moja kulia: 45. Kwa 47 + 28 anakwenda safu tatu mbele kufika 77, anarudi vyumba viwili, 75. Anayeona hivyo kwa miguu yake, ukimwambia darasani "28 ni 30 kasoro 2" anakuelewa mara moja.

Sasa mahali unapokwama, na hapa wengi wanaacha mchezo wakidhani watoto hawaelewi. Mpe mtoto 41 + 9. Anakwenda 51, anataka kurudi kushoto, hakuna chumba. 51 ni ya kwanza kwenye safu yake. 50 iko mwisho wa safu ya nyuma, mita nne upande wa pili. Mtoto anatoka nje ya bao anasimama hapo kashangaa. Kwa siku za mwanzo usiite namba inayoishia na 1 kwa kuongeza 9, wala inayoishia na 0 kwa kuongeza 11. Zikishakuja, zifundishwe kwa makusudi: "ukifika ukingoni, 50 inakungoja wapi?"

Watoto wa bao ni wanne tu kwa wakati, kila mmoja ana mkaguzi wake nje ya mraba mwenye chaki na kibao, anaandika alikoanza na alikofika. Hao ni wanane. Wakiingia kumi humo ndani wanakanyagana.

Na ukilichora, simama kwenye 1 utazame. Kama watoto wamezoea chati ya ukutani ambayo safu ya 1 iko juu, wengine watadhani kwenda mbele ni kupungua. Anzeni na wote wakiwa upande wa 1.

---

#12 mdako_wa_mwembeni

ChakiVumbi kaniita bila kujua. MDAKO kwa makundi ya kivulini.

Kila kishimo watoto 4, upana wa kiganja, kina vidole vitatu. Kokoto 10 ndani na moja ya kurusha. Kawaida mchezaji anarusha ya juu, anachota za shimoni, anadaka. Kwa hesabu yetu akishachota asirudishe kwanza. Anasema alizotoa, mwenzake wa kushoto anafunika shimo kwa mkono na kuuliza, "Humu zimebaki ngapi?" Ametoa 4, anajibu 6, mkono unaondolewa, wanahakiki. Raundi moja ya watoto wanne inapitisha jozi nne za kumi bila kelele.

Wazoefu wa mdako wanachota zote kumi kila mara kwa ufundi, na jibu linakuwa sifuri siku nzima. Weka sharti: huruhusiwi kurudia idadi aliyotoa aliyekutangulia. Kokoto zikiwa za ukubwa wa punje ya harage zinabanana, zinachotwa zote. Ziwe za ukubwa wa kizibo. Kwa darasa la II ongeza kokoto hadi 15 au 20, lakini kwa 20 panua shimo.

Wasioweza kudaka wasitolewe. Waruhusiwe kurusha chini kidogo, au kuchota bila kurusha. Tunachokitaka ni lile swali la mkono uliofunika shimo.

---

#13 Kivuli_cha_Mkorosho

Naomba kuuliza na pia kuchangia. Kuna shule zenye watoto wenye ualbino, na michezo hii mingi iko juani. Mnawapangaje?

---

#14 Mama_Jozi

Kwanza ratiba: hisabati ya nje iwe vipindi vya asubuhi, kabla ya saa nne. Kofia pana na mikono mirefu kwa mtoto mwenye ualbino ni lazima, hata kama kuna mawingu. Kituo chake kiwe upande wa kivuli, na kivuli kinahama, kwa hiyo angalia kitakuwa wapi dakika ya ishirini, usiangalie kilipo sasa. Ila asifanywe mtunza vifaa kila siku. Mkipanga vyumba kumi chini ya mti, anacheza na wenzake wote.

Wengi wao pia hawaoni vizuri kwa mbali. Kadi za Bi Kokoto ziandikwe nyeusi nene kwenye upande usiong'aa wa boksi, namba iwe na urefu wa kiganja. Namba zilizoandikwa kwa jivu kwenye udongo wa kijivu mtoto huyo hazioni. Rangi nyeusi kwenye jiwe jeupe anaiona. Kwenye Rafiki wa Kumi ruhusu watoto wote waite namba zao kwa sauti, uwanja unakuwa wa kelele lakini hakuna anayepitwa.

Mwenye kiti cha magurudumu: mstari wa kuruka uchorwe kwenye ardhi ngumu, nafasi ya upana wa mita moja, na badala ya kuruka anasogeza kiti alama kwa alama. Vyumba vya sentimita 40 havimtoshi, chora fremu moja yenye vyumba vya sentimita 90. Kwenye mchanga mzito magurudumu yanazama, hapo hamisha mchezo.

---

#15 Ngumbaru_Jr

Sawa, nimelainika kidogo. Lakini mwisho wa siku kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, karatasi na kalamu. Mtoto wa kuruka ruka atajuaje kuandika? Na mwalimu atajuaje nani kaelewa, nani anafuata kundi?

---

#16 ChakiVumbi

Zile dakika 6 za mwisho, Ngumbaru, ndio jibu la swali lako la kwanza, na ndizo zinazokatwa na watu wengi kwa sababu mchezo umenoga. Wakirudi, wanaandika maswali matatu waliyoyacheza leo, siyo mapya. Kwa vyumba kumi wanaandika 8 + 5, chini yake 8 + 2 + 3, chini yake 10 + 3 = 13. Mistari mitatu hiyo ni mwendo ule ule wa miguu. Asiyeiandika, karatasi ya mtihani ataiona ni lugha nyingine.

Kwa kujua nani kaelewa: usijaribu kuwaangalia wote. Chukua wanane kila siku, majina yako kwenye daftari la mwalimu. Kila mmoja akiwa anacheza au anasubiri, muulize swali moja, "umepataje?", kisha andika herufi moja. V ni vidole kuanzia moja. E ni ameendelea kutoka namba kubwa. K ni amejaza kumi. M ni maradufu. J ni jibu tu, hawezi kueleza. Darasa la 94 linaisha kwa siku 12. Wenye V wakiwa wengi, rudi Rafiki wa Kumi. Ukiona E nyingi na K chache, vyumba kumi havijakolea au umewahi kuviondoa. J ziangalie vizuri. Mwingine ni mwepesi kweli, mwingine kamsikia jirani. Muulize swali la pili lenye namba ambazo hazijaitwa leo.

Vidole siyo dhambi, nisieleweke vibaya. Mtoto wa darasa la I mwezi wa pili akitumia vidole, yuko sawa. Wa darasa la III akiwa bado anahesabu 8 + 5 kuanzia moja, hapo ndipo 48 + 25 inapomshinda, kwa sababu anapoteza hesabu njiani.

---

#17 Filimbi_Moja

Nimekubali ile ya alama 0, 1, 2 nitaijaribu. Swali la mwisho: masika. Jivu linakuwa uji, uwanja tope. Mnafanyaje?

---

#18 Kizibo_cha_Soda

Viroba. Chana viroba viwili vya unga vya kilo 50, vishone viwe turubai, chora fremu ya vyumba kumi kwa rangi ya mafuta upande wa ndani usio na maandishi. Unatandika barazani. Watoto hawaingii humo, wanaweka vizibo au wanarusha vifuko vya mchanga. Kwa miguu kiroba kikilowa kinateleza mno. Vifuko viwe vya kitambaa, mchanga uliochekechwa, ukubwa wa ngumi ya mtoto, mishono miwili. Mshono mmoja unafumuka siku ile ile na mchanga unaingia machoni.

Mstari wa kuruka unageuka kamba: katani ya mita 8 yenye fundo kila sentimita 40, fundo la 0, la 10 na la 20 limefungwa kitambaa chekundu. Funga kwenye nguzo za baraza, usawa wa kifua cha mtoto. Anatembeza kibanio cha nguo badala ya kuruka. Ikikauka kabisa ndipo uikunje, katani ikihifadhiwa mbichi inaoza na mafundo yanasogea.

---

#19 Bi_Kokoto

Na kadi za boksi zipakeni uji wa muhogo pande zote mbili, zianikwe, ndipo muandike. Zinakakamaa. Seti tano zifungwe kila moja kwa mpira wake na zihesabiwe kabla ya kuingia kabatini: zikiwa 12, safi. Zikiwa 11, tafuteni kwanza ile 5 ya pili.